Swali Moja la Musafiri

Wengine husoma kwa macho. Esther-Divine alisoma kwa mdomo, na tabia hiyo aliipata kwa baba yake. Musafiri, mkulima wa karanga na mpunga kule kijijini Wamaza, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini shule aliipenda kuliko wengi waliokaa. Kila binti yake alipotoka masomoni alimwambia atue mkoba, akae, amweleze yote aliyofundishwa. Yeye huku anabambua karanga, kichwa kimeinama, utadhani hasikii kitu. Mtoto akimaliza, baba anasema, "Nimesikia, mama." Alimwita mama kwa sababu ndiye aliyerithi jina la nyanya yake, mama mzazi wa Musafiri. Kisha anauliza swali. Moja tu, siku zote. Ukishindwa kulijibu, kesho yake unarudi na jibu.

Na maswali yake hayakuwa ya mchezo. Siku binti alipomweleza kwamba moyo unasukuma damu mwili mzima, Musafiri aliuliza moyo wenyewe unakula saa ngapi. Mwalimu wa Wamaza hakujua. Wa Kasongo, alikokwenda kumalizia sekondari, alicheka tu. Jibu lilipatikana miaka mingi baadaye, Aljeria, ambako Esther-Divine alipelekwa na bourse, ule ufadhili wa masomo, kusomea udaktari, katika mji wa mlimani wenye upepo unaoingia mpaka kwenye meno.

Huko mwanzo ulikuwa mchungu. Chumba alikaa na Cécilia, msichana wa Brazzaville, ambaye alisoma kimya kabisa, na kalamu za rangi, mstari huu njano, ule waridi, na kila alichokipaka rangi kilibaki kichwani. Esther-Divine akamwiga. Alipaka rangi vitabu vizima, akakaa navyo mpaka shingo ikagoma, na mtihani wa kwanza wa mifupa na misuli akaanguka vibaya. Alilia kwa hasira kuliko huzuni. Bourse haimngojei mtu anayeanguka kila mwaka.

Ndipo akakumbuka karanga. Akapanda juu ya paa la bweni, pale wasichana wanapoanika nguo, akaisogeza simu karibu na mdomo, akaanza kumweleza baba yake somo la bega kwa Kiswahili cha nyumbani, kamba za nguo zikimpiga usoni. Alipomaliza alijikuta analijua lote. Akabonyeza, sauti ikaenda Wamaza. Tangu hapo ndiyo ikawa kazi yake. Asubuhi darasani, benchi la mbele. Mchana hospitalini, nyuma ya maprofesa, akinyoosha shingo aone mgonjwa. Jioni supu ya maharage ya bweni, kisha paa. Hata kwenye basi midomo yake ilicheza, na wenzake wakadhani ni mcha Mungu sana. Alama zilipanda, hofu ikapungua, na kwa mara ya kwanza akaamini kwamba siku moja atarudi nyumbani akiwa daktari kweli.

Kule Wamaza rezo ya simu haipatikani bondeni. Musafiri alipanda kilima kilicho nyuma ya kanisa kila Jumapili baada ya misa, akasubiri simu ishtuke, akashuka na somo lake. Laiti angelisikiliza peke yake. Lakini mzee ana binti anayesoma udaktari ng'ambo, utamwambia akae nalo moyoni? Aliifungua sauti barazani, watu wakakaa, Wakristo na Waislamu, wanawake na vikapu vyao vya muhogo, na wenye pikipiki wakaihamishia kwenye simu zao, wakaipeleka Lusangi, wakaipeleka mpaka machimboni Salamabila. Sauti ya docteur, walisema. Docteur gani? Mwanafunzi ambaye hata sindano alikuwa haachiwi kupiga bila mtu kusimama nyuma yake! Esther-Divine alijua wanavyomwita. Aliwaambia wangoje, bado, na huku akicheka. Ukweli ni kwamba jina lilimkaa vizuri na hakulikataa kwa nguvu.

Mwaka wa nne ukaja mtihani wa magonjwa ya watoto, na ndani yake somo la homa na degedege. Alilieleza vizuri, labda kuliko yote aliyowahi kueleza. Mtoto mdogo akishikwa na homa kali anaweza kukakamaa na kutetemeka, macho yakageuka. Inatisha kuangalia, lakini mara nyingi inapita yenyewe na haiachi madhara. Mvue nguo, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, subiri. Ndivyo kitabu kilivyosema, na kwa watoto wa pale kilisema kweli, kwa kuwa katika nchi ile malaria ilikwisha. Esther-Divine aliijua malaria inayopanda kichwani. Kuna mtoto gani wa Wamaza asiyeijua? Lakini haikuwa katika mtihani, na nguo za watu zilikuwa zinamchuruzikia mgongoni, na baridi ilikuwa imemwingia. Aliishia pale kitabu kilipoishia.

Jumapili swali la baba likafika. Aliuliza mama wa mutoto afanye nini wakati ule. Esther-Divine akamjibu haraka, akiwa njiani kwenda darasani: "Atulie, papa. Asikimbie." Mtihani akaupita, wa kwanza katika kundi lake. Baba alipopata habari alichinja kuku.

Masika yale Aristote akaugua. Alikuwa mtoto wa Victorine, dada mkubwa wa Esther-Divine, anayeishi kiwanja kimoja na baba yao. Mtoto mwenye mashavu, aliyemzoea babu kuliko mama yake. Homa ilimshika asubuhi, na jua lilipopanda akakakamaa. Victorine hakungoja kuambiwa. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akashika njia ya kituo cha afya, ambacho hakiko mbali, ng'ambo ya kijito tu. Musafiri akamzuia mlangoni. Hakumzuia kwa ubaya. Alimkumbusha somo. Alimfungua mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akamvua, akamlaza ubavu kwenye mkeka, akakaa naye akimpepea, akimtuliza Victorine kwa maneno yaleyale yaliyotoka Aljeria. Na kweli mtoto akatulia. Akalala. Majirani wakatazamana wakasema, unaona, mambo ya kusoma. Alasiri degedege ikarudi, na mara ya tatu haikuondoka bila yeye. Kijito hakijavukwa.

Sauti ya baba ilimkuta Esther-Divine paani, mkononi ana kitabu. "Mama, Aristote ametutoka," ilisema. "Victorine alitaka kukimbia naye, mimi nikamukatalia. Tulifanya yote vile ulisema, hatukuacha hata kimoja. Usilie sana, uko peke yako kule. Haikuwa kosa ya mutu."

Alikuwa anamfariji. Mzee alitaka binti yake ajue kwamba somo lilifuatwa vizuri. Esther-Divine akakaa chini kwenye saruji yenye maji, akalia mpaka msichana aliyekuja kuanua nguo akaogopa akaondoka.

Cécilia alimwambia anyamaze. Mtoto ameshakwenda, alisema, na mzee ana kitu kimoja tu kinachomlaza usingizi, kwamba alifanya lililotakiwa. Ukimnyang'anya hicho unampa nini badala yake? Yalikuwa maneno ya huruma, na Esther-Divine alitamani kuyafuata. Lakini ile sauti yake bado ilikuwa inatembea. Aliifuta kwenye simu yake, upuuzi mtupu, maana ilikuwa imejaa kwenye simu za Lusangi na Salamabila, inawaambia akina mama watulie, wasikimbie. Masika ndiyo kwanza yalikuwa katikati.

Kwa hiyo akapanda paani tena. Alisema ni somo la homa linaloendelea. Alisema kwetu si kama huku. Kwetu mtoto wa homa akikakamaa, ni malaria imepanda kichwani mpaka ipimwe na kukataliwa, na mama asingoje kitu, ambebe akimbie, hata kama ametulia, hata kama amelala. Aliomba lipelekwe kila lilikofika la kwanza. Jina la Aristote hakulitaja. Alisema kwa sauti ya mwanafunzi, ile ya siku zote, akijikaza, akitumaini kwamba mzee atalipokea kama somo tu, ataligawa, na hatayaweka mawili hayo pamoja. Alimjua baba yake tangu utotoni na bado alitumaini hivyo.

Jumapili jibu likaja. Upepo wa kilimani ulisikika kwanza, halafu pumzi ya mtu aliyepanda.

"Nimesikia, mama. Nimewapa wote, wameichukua. Niko na swali moja. Ile homa ya Aristote ilikuwa ya somo ya kwanza, ao ya hii ya leo?"

Angeweza kudanganya. Damu ya mtoto haikupimwa, hakuna duniani ambaye angemsuta. Alibonyeza akaachia, akabonyeza akaachia. Lakini mtu huyu alimlea kwa kumngoja alete majibu, na hakuwahi hata mara moja kumletea jibu ambalo mwenyewe haliamini.

"Ya leo, papa," alisema.

Alama mbili za ujumbe zikageuka buluu. Baba alikuwa bado kilimani, simu mkononi, amesikia. Esther-Divine alingoja mpaka mikono ikafa ganzi, na hakuna kilichorudi.

Hakijarudi mpaka leo. Habari alizipata kwa Victorine, aliyezisema kwa ufupi, bila salamu. Papa hapandi tena kilima. Simu amewapa watu wa pikipiki. Kutwa anakaa mbele ya nyumba anabambua karanga, na mtu akija kumhadithia jambo, lolote lile, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anaendelea na kazi yake. Hamwulizi mtu kitu.

Bwenini mitihani imekaribia. Cécilia amemwazima Esther-Divine kalamu zake za rangi, na kurasa zote sasa ni njano na waridi. Kuna jioni anapanda paani, anasimama kati ya shuka za watu, anafungua mdomo aseme somo. Anatamka jina la ugonjwa. Neno la pili haliji.