Mbio za Santuri ya Arlis

Arlis Fugate alikuwa na ukuta mzima wa santuri, na tangu aanze kuzikusanya hakuna binadamu aliyewahi kumwomba amwazime hata moja. Jambo hilo lilimuuma kuliko jino.

Kila Jumamosi mchana, wapenzi wa bluegrass, muziki wa banjo na fidla wa milima ya Marekani, wa bonde lao hukutana sebuleni kwa Hobart Caudill. Kila mmoja huja na albamu aipendayo na kuwapigia wenzake upande mmoja. Santuri inapozunguka, kusema ni mwiko hata paa likishika moto. Ikimalizika ndipo watu huombana kuazima, na ambaye albamu yake imeombwa hutembea kifua mbele wiki nzima. Arlis yeye hurudi na yake kwapani kama mposaji aliyekataliwa.

"Zako ni za kumbembelezea mgonjwa, Arlis," Hobart alimwambia Jumamosi moja, akimpakulia maharage. "Banjo inapigwa polepole mpaka unasahau wimbo ulianzia wapi! Leo tena umetuletea watu wanaopiga miayo?"

"Sikiliza kwanza, bwana."

"Tutasikiliza. Tumezoea kusinzia."

Hobart huyo hujua kila kitu, na asichokijua hukieleza kwa sauti kubwa zaidi. Alifungua kikao kwa santuri ndogo ya wimbo mmoja, zile zinazozunguka haraka, kisha akaiondoa na kuweka albamu ya Arlis. Swichi ya mwendo, ya kuipunguzia mashine kasi kwa ajili ya albamu, hakuigusa.

Banjo ikatoka mbio kama kuku aliyemwagiwa maji. Mandolini ikaifukuza, fidla ikazipita zote mbili, na mwimbaji akaingia kwa sauti nyembamba ya juu ajabu, kama panya aliyebanwa mkia. Arlis alishtuka. Albamu yake hiyo ilikuwa ya taratibu, na mwimbaji wake alikuwa na sauti nzito ya kutikisa vikombe. Akaitazama swichi, akaelewa. Akafungua mdomo, akaukumbuka mwiko, akaufunga.

Mahali pengine popote watu wangecheka. Lakini hawa walikuwa watu wa bluegrass, na kwao hakuna mbio iliyozidi wala sauti iliyokuwa juu mno. Miguu ilipiga sakafu. Wilma, mke wa Hobart, aliacha mkate wa mahindi ukaungua. Hobart mwenyewe alifumba macho, machozi yakamlenga.

Santuri iliposimama, nyumba ililipuka kwa shangwe.

"Mungu wangu! Hizo koo zimetengenezwa na nini?"

"Niazime mimi, Arlis!"

"Nani kakupa zamu? Mimi ndiye jirani yake!"

"Mimi hawa niliwaona kwa macho yangu," Hobart akasema, "kwenye tamasha moja kule Tennessee. Siku ile walikwenda kasi kuliko hapa."

Arlis alijua ni uongo mtupu, na alijua wajibu wake. Lakini jamani, mikono minne ilikuwa imelishika jalada la albamu yake! Akajiambia atasema Jumamosi ijayo. Au Krismasi. Akatabasamu na kuongezewa maharage.

Ndipo alipomwona Shangazi Icie Combs. Bibi huyu alikuwa ameshika fidla tangu utotoni, na harusi isiyo na fidla yake bondeni humo ilihesabika nusu ndoa. Sasa alikuwa anailaza fidla ndani ya kasha lake, polepole, kama anayezika.

"Unaenda wapi, Shangazi?"

"Nyumbani. Kesho naiuza hii. Kumbe fidla ndiyo inapigwa hivyo, na mimi miaka yote nakwaruza tu, nanyi mnanidanganya kwa makofi."

Arlis alimtazama bibi, akaitazama mikono ile minne. Kisha akaenda kwenye mashine, akasukuma swichi, akairudisha sindano mwanzo.

Santuri ikatembea. Banjo ikadondosha nota moja moja, mtu akaweza kuzifuata. Sauti ya mwanamume mzima ikajaza sebule, nzito, yenye huzuni, na fidla ikaja nyuma yake bila haraka yoyote. Hakuna aliyesema, maana mwiko ni mwiko, ila Hobart masikio yalimwiva kwa aibu.

Upande ulipokwisha, mikono minne ilikuwa imerudi mifukoni.

"Sasa ile ya kwanza ilikuwa nini?" Wilma akauliza.

"Ilikuwa swichi," akajibu Arlis. "Nilijua tangu mwanzo. Nisameheni."

"Hata mimi nilijua!" Hobart akadakia. "Nilikuwa nawapima."

"Na wale wa Tennessee?" Wilma akamsuta.

"Siku ile mvua ilikuwa inakuja. Lazima wakimbie."

Walimcheka Hobart mpaka akatoka nje kukagua kuni. Arlis akainama kuitoa santuri yake, roho nzito. Mkono wenye mishipa ukamtangulia. Shangazi Icie aliiingiza santuri ndani ya jalada, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta, akaitia kwenye kasha kando ya fidla na kukifunga.

"Utairudisha lini, Shangazi?"

"Sirudishi, na fidla siiuzi," bibi akasema. "Ukiitaka, njoo uisikilizie kwangu. Na uje na mkate, wangu mimi ni mgumu."

Huo ulikuwa wizi wa mchana kweupe, na Arlis Fugate hakuwahi kufurahi hivyo maishani mwake.