Tairi la Ndani

Watu wa yadi ya malori walimbatiza jina la Presha, na si kwa ajili ya ugonjwa. Mwanamke huyu alikuwa fundi matairi, na kwa miaka tisa hakuna lori lililotoka getini bila yeye kulipima upepo. Asubuhi hii alikaa kwenye benchi la uwanja wa mtihani wa leseni, fomu mapajani, roho mkononi. Fomu ile ilikuwa na visanduku viwili tu, otomatiki na gia za mkono, naye alikuwa bado hajachagua.

Kando yake alikaa shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa tela miaka ishirini na miwili mpaka kisukari kilipomnyang'anya macho. Bosi alishasema neno lake: Presha akileta leseni ya tela kabla ya Jumatatu, lori la shemeji ni lake, asipoleta, dereva mwingine yuko mlangoni. Nyumba nzima ya dada ilikuwa inakula kwa usukani ule. Hata funguo za lori bosi alizidai wiki tatu, na shemeji akaapa kwamba kipofu hawezi kujua alikoziweka.

Mwalimu wa shule ya udereva akamwinamia Presha, akamshauri achague tela la otomatiki. Halina klachi, laini, na wenzake wanne wamelifanyia mtihani leo na wote wamepita. Ushauri mtamu, lakini ulikuwa na mkia. Anayepita kwa otomatiki huandikiwa masharti kwenye leseni, otomatiki pekee, na lori la shemeji lilikuwa la gia za mkono, gia kumi, kaidi kama nyumbu. Karatasi hiyo ingemfaa nini, kufungia karanga?

"Shemeji," alinong'ona, "nikianguka je?"

"Ukianguka tutalia. Ukipita na leseni isiyoendesha lori langu tutalia vilevile, ila tutakuwa tumevaa nguo za sherehe."

Presha akaweka alama kwenye gia za mkono.

Mtahini, mtu mkavu wa maneno, alitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo, na saa sita kamili anafunga. Akamwambia aanze kwa kulikagua gari. Watu wengi hapo huzunguka wakitikisa vichwa kama wanaonunua ng'ombe, basi. Presha alichomoa nyundo yake kiunoni bila hata kufikiri, maana mazoea yana tabu, akagonga tairi moja baada ya jingine. Lenye upepo huirudisha nyundo. Nyuma kabisa, kwenye tairi la ndani la yale pacha yanayokaa mawili mawili, nyundo ikazama. Akagonga tena, ikazama tena. Tairi la nje lilikuwa zima, limemficha mwenzake kama ukoo unavyomficha mlevi wake.

Mtahini alikuwa anaandika, hakusikia kitu. Tela lilikuwa tupu na uwanja mfupi; angenyamaza, nani angejua? Akisema, gari linaondolewa, na Jumatatu haimsubiri mtu. Alitupa jicho benchini. Shemeji alikuwa ameinua uso. Masikio yale yalishaisikia nyundo, lakini mzee alifumba mdomo, akamwachia mwenyewe. Presha alimchukia kidogo kwa hilo.

"Tairi la ndani limekufa," alisema. "Siliendeshi hivi."

Mtahini akainama, akagonga, akakubali. Mwalimu akadakia kwamba basi ahamie otomatiki, muda upo. Kama hataki, zamu nyingine ya gia za mkono ni mwezi ujao. Kalamu ya mtahini ikabaki juu ya fomu, ikingoja.

"Niazimeni jeki," Presha alisema.

Jamani, tairi la ndani halitoki mpaka la nje litoke kwanza. Nati kumi zilizoshikwa na kutu, naye anaruka juu ya spana kwa uzito wake wote, jasho likimwingia machoni. Mwalimu alikuwa anamtajia dakika kama anamsomea hukumu, mpaka mtahini akamwambia anyamaze. Tairi la akiba likaingia, la nje likafuata, nati zikakazwa moja moja, nyundo ikapita mara ya mwisho. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Alipanda, akawasha injini. Mbele alikwenda vizuri. Kurudi nyuma, mkia wa tela ukaanza kuelekea nguzo za uwanja, maana tela likirudi nyuma huenda kinyume cha usukani. Akasimama. Kusimama kuliruhusiwa mara moja tu. Hapo akakumbuka alivyofundishwa: shika usukani chini, mkono uende unakotaka mkia uende. Akashika chini. Mkia ukajipinda polepole, ukaingia kati ya nguzo.

Mtahini alisaini karatasi ya kupita saa sita ikigonga. Presha akampelekea shemeji karatasi.

"Soma panapoandikwa masharti," shemeji alisema.

"Hapajaandikwa kitu."

"Soma tena."

"Pako wazi, shemeji. Peupe."

Shemeji akapapasa karatasi, akanusa kidole. "Na hii grisi?"

"Hiyo ni yangu."

Mzee akacheka huku machozi yanamtoka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za lori, akaziweka kwenye kiganja cha Presha.