Wakili wa Tandao

Chuo kikuu kilifungwa katikati ya muhula, mwaka wa tisini na sita, baada ya wanafunzi kurushiana mawe na polisi. Ummukulthum akarudi kwao Kibokoni, Mombasa, na begi la nguo na bahasha nene ya makaratasi.

Makaratasi yale yalihusu nchi isiyokuwapo. Bi Truphosa, mwalimu wao wa sheria za kimataifa, ndiye aliyeibuni nchi hiyo, akaiita Tandao, kisha akaitungia kesi ya kuigiza. Mkunga mgeni, Bi Selua, aliyekaa Tandao miaka mingi kwa kibali halali, aliilaumu serikali redioni kwa kuwaacha wanawake wafe wakijifungua hospitalini. Kesho yake alfajiri akapakiwa kwenye lori akaenda kubwagwa mpakani. Je, serikali ilivunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu? Wanafunzi waliokota vikaratasi vya kura, kila mmoja ajue atetee upande upi. Kenga, mwenzake wa darasani, aliangukia kwa Bi Selua. Ummu aliangukia serikali.

Kufungwa kwa chuo hakukumrudisha nyuma Bi Truphosa. Aliagiza wanafunzi wa Pwani washindane Mombasa, tena kwa Kiswahili, ili watu wa mji nao waje wasikie.

Kenga alikaa na wazazi wake Ganjoni, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyojaa wadogo zake, kusoma hakusomeki. Kwa hiyo kila alasiri alikuja Kibokoni. Bibi Mwanakuu, aliyemlea Ummu tangu utotoni, aliruhusu kwa sharti moja: wasomee ukumbini, mlango wazi, naye awepo.

"Masalkheri, Bibi," Kenga alikuwa akisema mlangoni.

"Akheri, mwanangu. Ingia. Mama hajambo?"

Kisha Bibi alikuwa akivuta sinia la mchele na kuchagua huku akisikiliza. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili, Ummu alipokuwa akisema serikali ilimhamisha Bi Selua kwa mujibu wa sheria, Bibi aliinua kichwa.

"Ilimhamisha? Kwani alikuwa na vyombo?"

Kenga alicheka hata akaangusha kalamu.

"Ndiyo maneno ya kisheria, Bibi," alisema Ummu.

"Haya. Na wewe wamtetea nani?"

"Serikali."

"Ile iliyomtupa mkunga mpakani?"

"Ndiyo, lakini—"

"Mh," alisema Bibi, akarudi kwenye mchele wake.

Tangu hapo Kenga alipokuja aliwekewa sahani ya kaimati mbele yake, naye Ummu akawekewa maji. Mejumaa, jirani wa nyumba ya pili, alipopita kuazima mbuzi ya kukunia nazi, aliambiwa habari yote kama kwamba imetokea Makupa jana. Jioni ile ile wanawake wa mtaa walikuwa wakimwombea Bi Selua afike salama kwa watoto wake.

Ummu aliona ni mzaha, mpaka siku moja alipotoa hoja yake kali kuliko zote: kwamba mgeni hana haja ya kusikilizwa kwanza, maana serikali yenyewe ndiyo ijuayo usalama wake. Bibi alisukuma sinia kando, akainuka akaingia chumbani. Kenga alikusanya vitabu vyake polepole, akaaga.

Ummu alimfuata Bibi, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimekukosea, Bibi?"

"Hukunikosea. Nimemkumbuka ndugu yangu Taib." Bibi alipangusa macho kwa ncha ya leso. "Alikuwa fundi cherehani ugenini. Serikali ya huko ilimpakia lorini hivyo hivyo, na tepu ya kupimia ingali shingoni. Yeye alikuwa akisema, kufukuzwa mtu hufukuzwa. Lililomla moyo ni kwamba hapana aliyemuuliza hata jina lake."

Ummu alimjua babu Taib kwa picha ya ukutani tu. Hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa miguu hadi Ganjoni, akamwomba Kenga wabadilishane pande.

"Sitaki," alisema Kenga.

"Wewe huoni tabu. Umepewa mwema."

"Na nikimshinda wakili aliyelegea, Bi Selua atakuwa amepata nini? Njoo na nguvu zako zote, Ummu. Ile hoja moja kama haikukai rohoni, iache. Nyingine unazo."

Alirudi nyumbani akaisoma kesi upya, kifungu kwa kifungu. Serikali ilikuwa na ya kusema: mamlaka juu ya mipaka yake, sheria ya wageni iliyopitishwa na bunge, masharti ya kibali. Akayapanga upya, na safari hii aliyaamini.

Siku ya mashindano, ukumbi karibu na Makadara ulijaa. Bibi alikuja na Mejumaa na nusu ya mtaa, wakakaa upande wa Kenga. Kenga alisema vizuri, kwa utulivu, mkono mmoja mfukoni. Kisha Ummu akasimama. Alizijenga hoja zake hata Mejumaa akaonekana akitikisa kichwa kukubali, Bibi akamfinya.

Jaji mstaafu aliyealikwa kuamua alivua miwani. "Wakili, kabla ya kupakiwa lorini, mama huyu aliulizwa lolote?"

Ummu alilijua jibu la ujanja, hata ukurasa wake aliukumbuka.

"La, Mheshimiwa. Hakuulizwa. Katika hilo serikali haina utetezi, nami sitautafuta. Naomba mahakama iyapime yale mengine."

Akaendelea na yale mengine, bila kuyumba.

Hukumu ilikuwa fupi. Tandao ilishindwa: Mkataba unataka mgeni halali aondolewe kwa uamuzi wa kisheria, tena asikilizwe. Wanawake walipiga vigelegele, Bi Selua angekuwapo angedhani ni harusi. Kisha jaji akasema zawadi ya msemaji bora wa siku ile ni ya wakili wa serikali, kwa sababu alijua lipi la kupigania na lipi la kukubali.

Nje, Bibi alimshika Ummu mikono yote miwili, asijue aanzie wapi.

"Ngoja nifahamu. Wewe umeshindwa?"

"Nimeshindwa, Bibi."

"Na zawadi umepewa wewe?"

"Ndiyo."

Bibi alimtazama Kenga, akamtazama mjukuu wake, akacheka kicheko ambacho Ummu hakuwa amekisikia siku nyingi. "Basi mkunga amepata haki yake, na mwanangu amepata yake. Alhamdulillahi."

Bi Truphosa akawafikia na habari nyingine: wote wawili wangekwenda pamoja, timu moja, kwenye mashindano ya Afrika nzima.

"Na huko mtamtetea nani?" Bibi aliuliza mara moja.

"Hatujui, Bibi," alisema Kenga. "Mpaka tupewe."

"Haya. Mkishapewa, njooni mniambie mapema," alisema Bibi, akajifunga buibui vizuri na kutangulia kuelekea nyumbani, Mejumaa akimfuata mbio mbio na maswali.