Ukurasa wa Tisa

Mwanangu aliileta fomu siku ya Jumamosi, akaiweka mezani mbele yangu na kalamu juu yake, kifuniko kimekwisha kuondolewa.

"Baba, hapa tu," alisema, akinionyesha mstari wa mwisho. "Shahidi wa familia. Mtoto ameshatia sahihi yake."

"Nami nishuhudie nini?"

"Kwamba amesaini kwa hiari yake."

"Sikuwapo. Mtu hatoi ushahidi wa kusimuliwa."

"Baba naye! Hapa si mahakamani."

Mtoto anayesemwa ni mjukuu wangu, binti wa huyu binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Nyumbani tunamwita Kiberiti, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyowaka upesi. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa unaozipinda chembe nyekundu za damu mithili ya mundu wa kuvunia, zikakwama mishipani na kumtia mtu maumivu ambayo sitathubutu kuyaeleza, kwa kuwa mimi nimeyaona tu. Kaka yake alikuwa nao pia. Tulimzika akiwa na miaka minane. Kiberiti mwenyewe amekosa mitihani ya chuo cha upimaji wa ardhi mara mbili, wenzake wakiandika naye yuko kitandani anauma mto.

Hospitali kuu ilikuwa imetangaza matibabu mapya. Chembe mama za damu huchotwa mwilini mwa mgonjwa na kupelekwa maabara ya mbali. Huko jeni moja hukatwa kwa ustadi, na mwili hurudia kutengeneza damu ile aliyokuwa nayo mtu tumboni mwa mama yake, damu isiyopinda. Kisha chembe hizo hurudishwa kwa mwenyewe. Wagonjwa kumi na wawili walichaguliwa kutibiwa bure, na Kiberiti akawa wa saba. Fomu ilitakiwa Jumatatu kabla ya saa sita mchana. La sivyo, nafasi ingekwenda kwa anayefuata.

Tangu mwanzo nilisema kwamba siamini. Sina ugomvi na elimu. Nilifundishwa na wamisionari waliotuchapa viboko kwa sababu ya nukta moja iliyosahauliwa, na ninawashukuru. Lakini ni hao hao waliotufundisha kwamba kitu cha bure huulizwa mara mbili. Kwa nini sisi? Kwa nini sasa? Na wakishakata hicho wanachokikata, kinachobaki ni mali ya nani?

"Iache. Nitaisoma," nikamwambia.

"Kurasa zote hizo? Ni maneno ya kitaalamu, Baba. Mwenyewe nimeshamsomea, neno kwa neno, akiwa kitandani."

"Basi nami nitajisomea, neno kwa neno, nikiwa kitini."

Alisimama mlangoni akiitazama ile fomu kuliko alivyonitazama mimi, kisha akaondoka bila kumaliza chai yake.

Nilifunga vitabu kwa miaka thelathini na minane katika kiwanda cha chapa cha misheni. Kabla macho yangu hayajasoma, vidole huwa vimekwisha kukagua. Nilipitisha kidole gumba kwenye kona iliyobanwa pini, nikasita. Pini ilikuwa moja, yenye miguu miwili, lakini kila karatasi ilikuwa na matundu manne. Pini ya kwanza ilikuwa imeng'olewa, na nyingine ikabanwa kando yake, imekaa upande, kazi ya mtu mwenye haraka. Nikafunua. Ukurasa wa saba. Wa nane. Wa kumi na moja.

Karatasi moja haikuwapo. Ukurasa wa nane uliishia na maneno haya: "Kabla ya chembe kurudishwa, mgonjwa atapewa dawa kali ya kusafisha uboho, ambayo". Wa kumi na moja ulianza na habari za chakula cha wodini na saa za kutazama wagonjwa.

"Nimewapata!" nilisema kwa sauti, nami niko peke yangu chumbani.

Nakiri kwamba nilifurahi. Mwenye shaka hufurahi apatapo ushahidi, hata ushahidi wenyewe ukiwa ni wa msiba.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya damu, kabla ya mfagiaji kumaliza korido. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mwanangu, amevaa viatu vya raba, na miwani yake imefungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza mmezificha wapi kurasa zenu mbili."

Hakukasirika, na jambo hilo likanizidishia shaka. Alivuta droo, akatoa fomu nyingine, akaihesabu mbele yangu kama karani wa benki.

"Kumi na sita, mzee. Zote hutoka hapa zikiwa kumi na sita."

"Mnaweza kuwa mmeichapa hii jana."

"Tungeweza," alisema. "Ila hiki hatungeweza." Akafungua daftari la kupokelea fomu. Palikuwa na mstari wa wiki iliyopita: nimepokea kurasa kumi na sita, nimezihakiki. Chini yake palikuwa na sahihi ya mwanangu. Naifahamu, nilimfundisha mimi mwenyewe kuiandika, kwa wino, akiwa darasa la sita.

"Aliniuliza kuhusu ukurasa wa tisa," daktari aliendelea kwa sauti ya chini. "Aliniuliza kama ni lazima binti auone. Nikamwambia huo ni wa lazima kuliko yote. Leo nilikusudia kumuuliza binti mwenyewe, ingawa wengine huja wamekwisha kufundishwa majibu nyumbani."

Nikasoma. Dawa ile ya kusafisha uboho, ute wa ndani ya mifupa, huweza kuua uzazi, na kwa wanawake wengi huuua kabisa. Anayetaka huweza kutolewa mayai yake kwanza, yakahifadhiwa kwenye baridi kali; lakini kazi hiyo ina hatari zake kwa mwenye selimundu, nayo huchukua muda, hivyo atakayeichagua atasubiri kundi la pili, baada ya miezi sita.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema ufanye nini ukikuta ni mwanao.

Daktari alinipa nakala nzima, nikarudi kwenye benchi. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuirudishia ile fomu karatasi yake, nikaitia sahihi na kunyamaza, mama yake akamfundisha majibu, na Kiberiti angetibiwa mwezi huo huo. Nilimkumbuka kaka yake na sanduku lake, jinsi lilivyokuwa jepesi. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima, kalamu mkononi.

Nilipofika nyumbani, mwanangu alikuwa anapiga pasi, na Kiberiti ameketi kwenye kochi, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mume wangu huyo!" alinipokea. "Umeleta sahihi, au umeleta mahubiri?"

"Nimeleta cha kusoma, mke wangu. Anzia ukurasa wa tisa."

Pasi ilisimama. "Baba," mwanangu alisema, "usimpe."

"Kwa nini nisimpe?"

"Nakuomba tu."

Nikampa. Alisoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Kitambaa kilianza kunuka kuungua, na hakuna aliyeinua pasi.

"Mama," alisema hatimaye, "ulinisomea kurasa ngapi?"

"Nilikusomea zile za kukuponya."

"Nimekuuliza ngapi."

"Tangu una miaka sita unataja majina ya watoto utakaowazaa! Ningekusomea hiyo ungekataa. Nimeshazika mmoja mimi. Wa pili simuwezi."

"Na ungeniambia lini?"

"Ukishapona. Ungenichukia, sawa, nichukie ukiwa mzima. Chuki ya mtu mzima wa afya naiweza."

Kiberiti alitoa miguu majini, mmoja mmoja, akaifuta. Nilitazamia kwamba sasa atanigeukia kwa shukrani. Alinigeukia, lakini macho yake hayakuwa ya shukrani.

"Na wewe, babu? Hospitali ni mwendo wa nusu saa. Umetoka hapa saa moja na nusu, sasa ni saa tano kasoro robo. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye benchi."

"Ukifanya nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa napumzisha magoti. "Nikiwa na kalamu mkononi," nikamjibu. "Nikifikiria kutia sahihi na kunyamaza."

"Alaa! Kumbe wote lenu moja." Akavaa viatu. "Haya, twendeni. Saa sita haijagonga."

Mlangoni pa daktari, Kiberiti alituonyesha benchi kwa kidole, kama tulivyokuwa tukimwonyesha yeye zamani. "Nyinyi mtakaa hapa. Shahidi atakuwa nesi." Mlango ukafungwa. Tukakaa, mimi na mwanangu, na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Ndani tulimsikia akisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, akisimama kuuliza, akijibiwa, akiuliza tena.

"Kusoma huko amekurithi wewe," mwanangu alisema.

"Na kuuliza pia."

Alitoka saa sita kasoro dakika kumi.

"Nimesaini."

"Mungu mkubwa!" mama yake aliinuka.

"Nimesaini ya kundi la pili. Kwanza mayai. Nafasi ya sasa ameshapigiwa simu mwingine."

"Miezi sita! Na maumivu yakija kabla?"

"Yatakuja. Huwa yanakuja."

"Na yakikuchukua je, mwanangu?"

"Hilo nalo nimemuuliza daktari. Amenijibu kweli. Wewe ungenijibu nini?"

Mwanangu alinyoosha mkono, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa ya kubeba vyeti, kadi na dawa za mtoto wake. "Basi nipe fomu nikushikie."

"Hapana, Mama."

Aliitia kwenye begi lake, akavuta zipu mpaka mwisho, akatangulia. Alitembea taratibu kwa sababu ya nyonga yake iliyoharibiwa na ugonjwa, begi amelikumbatia kifuani, nasi tukamfuata hatua chache nyuma, wala hapakuwa na aliyethubutu kuomba kumbebea.