Mkabaji wa Takoma Park

Jumamosi ile Vifaru wa Athi, klabu mpya ya raga, walipocheza mechi yao ya kwanza, Jelagat alikuwa ametoka zamu kwenye makao ya wazee, akakaa kwenye sofa ya kijani sebuleni kwake Takoma Park, miguu ndani ya beseni la maji moto na chumvi. Ilikuwa saa tatu asubuhi Maryland, saa kumi jioni Nairobi. Sebule ilikuwa na Wakenya kumi na wanane na Mtanzania mmoja, Elisante, ambaye alikuwa amefuata mandazi na hakuficha.

Shangwe hazikuwa za bure. Taifa linalopenda raga kiasi cha watu kukosa harusi za ndugu zao lilikuwa limekaa miaka yote hiyo bila klabu hata moja ya kulipwa ya daraja la juu, na sasa limeipata. Wanaume walivaa jezi mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya pakiti. Kila mmoja wao, ukimsikiliza, nusura aichezee Kenya, ila goti. Ndirangu, mwenyekiti wa kila kitu ambacho Wakenya wa eneo hilo wamewahi kuanzisha, alikuwa na magoti mawili ya namna hiyo na alisimulia habari za yote mawili.

Aliyeichezea Kenya kweli ni Jelagat. Miaka sita, jezi namba saba, timu ya wanawake. Walikuwa wakicheza saa tano asubuhi kabla mageti hayajafunguliwa, wamevaa jezi kuukuu za wanaume zilizowafika magotini, na kwa kuwa hapakuwa na watazamaji, hakuna aliyejisumbua kusoma majina yao kwenye kipaza sauti. Hilo ndilo lililombakia rohoni. Goti lake lilikuwa zima kabisa. Alitaka, mara moja tu maishani, asikie jina lake likisomwa uwanjani. Hakuwahi kumwambia mtu, maana nani angeuliza? Pale sebuleni aliitwa Mama Ryan, kwa heshima zote, na kuulizwa kama chai iko tayari.

Dakika ya kumi na moja winga wa wageni, jitu la kilo mia na kumi, alichomoka upande wa kulia. Mbele yake hapakuwa na mtu. Ndirangu alishika kichwa. Jelagat akainamisha bega, akajisukuma kwa miguu, beseni likapinduka, na kule Nairobi winga akaanguka chali kama gunia la viazi, mpira ukamtoka. Mchezaji aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa umbali wa mita kumi.

"Woi, kapeti!" alisema Wairimu, jirani wa chini, akakimbilia taulo.

Bega la Jelagat lilikuwa na tope jekundu na nyasi. Ndirangu aliokota unyasi mmoja, akaunusa, akasema ni wa nyumbani. Phineas, mume wa Jelagat, alimwomba mkewe asogee kidogo maana alikuwa anaziba kona ya televisheni. Mpaka kipenga cha mwisho Jelagat alikuwa amekaba watu tisa, na Vifaru walishinda kwa pointi mbili.

Kamati iliundwa kabla sahani hazijaoshwa. Ndirangu mwenyekiti, Phineas katibu, kundi la WhatsApp likaitwa Vifaru DMV, kwa herufi wanazoliitia eneo lao. Wairimu aliombwa afungue kwa sala fupi, akasali dakika kumi na nne kwa sababu alimtaja kila mchezaji na mama yake. Azimio la kwanza: Mama Ryan asifanye kazi Jumamosi. Azimio la pili: sofa isisogezwe bila idhini.

"Lakini mwenyewe mmemuuliza?" alisema Elisante.

"Bro, hii ni maneno ya Wakenya," alijibu Ndirangu, akampa andazi lingine.

Jumatatu msimamizi wa Jelagat kazini, Violet, mama wa Kikongo asiyepitwa na kitu, aliona michubuko akafunga mlango wa ofisi.

"Dada, usinifiche. Ni bwana yako?"

"Ni raga."

"Raga ya wapi?"

"Nairobi."

"Na kule unafika namna gani?"

"Nakaa tu."

Violet aliandika kwenye fomu: ajali ya michezo. Akamletea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. "Bon," alisema. "Na wanakushukuru?"

Jelagat alifikiri. "Wanaleta soda," alisema.

Msimu ukaendelea hivyo. Kocha wa Vifaru, ambaye si mjinga, alianza kuacha pengo la makusudi upande wa kulia na kuwapeleka watu wake kwingine. Baada ya mechi ya nane tuzo ya mkabaji bora ilikwenda kwa kijana mmoja mpole aliyevaa namba saba. Walipomhoji alisema ukweli wake. "Hata mimi sijui. Nimewakuta wako chini. Namshukuru Mungu." Sebule nzima ilimpigia makofi. Jelagat aliumia, na safari hii haikuwa bega. Alilia jikoni, akaosha uso, akarudi akasimama mbele ya televisheni.

"Naomba kitu kimoja tu," aliiambia kamati. "Andikieni klabu. Niwekwe kwenye orodha ya wachezaji, hata nikiwa wa mwisho. Nataka jina langu lisomwe pale uwanjani. Basi."

"Mama Ryan, hiyo ni haki yako," alisema Ndirangu, akiwa ameguswa kwelikweli. "Niachie mimi."

Aliandika kurasa nne. Alianza na itifaki, kuanzia balozi hadi makarani. Magoti yake yalipata aya moja. Sofa aliieleza kwa kina: rangi ya kijani, watu watatu, ilinunuliwa Manassas duka likifungwa, inaelekea mashariki. Mkabaji mwenyewe alimtaja mara kumi na moja, kila mara kama Mama Ryan. Kamati nzima iliipitia barua, Phineas akiwemo, na hakuna aliyeona kilichopungua.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, lenye mhuri. Klabu ilikiri kwamba ukabaji huo ilikuwa inaujua tangu mechi ya pili na ilishukuru sana. Kwa bahati mbaya orodha ya wachezaji ni ya wanaume, na hata isingekuwa ya wanaume, hakuna mtu anayeweza kusajiliwa kama mama wa mtu. Hata hivyo kanuni za ligi zinaruhusu klabu kusajili vifaa vilivyo nje ya nchi. Kwa hiyo sofa imesajiliwa.

Kamati iliruka juu. Ndirangu alimkumbatia Elisante. Phineas alipiga picha ya sofa akaiweka kwenye kundi, na watu mia mbili wakaandika hongera.

Fainali ilikuta sebule imefurika hadi jikoni. Kule Nairobi mtangazaji alisoma majina kumi na tano, kisha manane ya akiba, kisha akavuta pumzi. "Na kutoka Takoma Park, Marekani... sofa!" Watu elfu ishirini wakasimama. Sebuleni nao wakasimama, mikono vifuani, Ndirangu akitokwa na machozi.

Jelagat alibaki amekaa, maana pale ndipo anapokabia. Aliamua hapo hapo kwamba leo hakabi mtu. Wapite. Hiyo sofa yao na ikabe. Akakunja mikono, akaegemea nyuma. Dakika ya tatu namba nane wa wageni aliliona pengo, akaja mbio huku anacheka. Kile kicheko ndicho kilichomshinda Jelagat. Alimlaza chini kabla hajajua kwamba amebadili mawazo, bega chini ya mbavu, miguu ikisukuma, safi kabisa, na raha ikampanda toka kisigino mpaka utosini.

"So-fa! So-fa!" uwanja uliimba, sebule ikaitikia. Phineas aliimba kuliko wote, mkono wake ameuegemeza juu ya bega la mkewe lililovimba. Jelagat akamwambia autoe, maana walikuwa wanakuja tena upande wa kulia.