Taa Zilizobaki Majini

Jumatatu asubuhi Mama Kabedi alifua kikwembe chake, kitenge cha kanisa, akakisuuza mara mbili kwa sababu ya vumbi la malori. Alipokiinua, taa zote zilibaki ndani ya beseni. Zilikuwa taa ndogo za buluu zilizochapwa kwenye kitambaa, alama ya akina mama wa kanisa lao pale Dilala, nazo zilielea juu ya povu. Kikwembe kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo.

Hakuita mtu. Tangu mwaka jana alikuwa akifumba macho kanisani kama anayesali, huku akipanga mboga za wiki. Alimwaga maji nje, kuku wa jirani wakazidonoa taa, kisha akaenda dukani kwa Papy kutafuta kalamu nene.

"Ya buluu imebakia mbili tu, mama," Papy alisema. "Bakatolika njo banakamataka nyekundu."

Alijifungia chumbani, akachora taa arobaini na sita. Wino ulimganda kwenye kidole gumba.

Kikwembe cha binti yake Noëlla kilikuwa kimeshakuwa cheupe wiki mbili kabla. Noëlla alifundisha darasa la tatu katika shule ya kanisa hilohilo. Jumapili alikivaa vilevile, cheupe, kimepigwa pasi.

"Kamata kalamu," mama alimwambia mlangoni. "Ni dakika kumi. Batakufukuza ku kazi."

"Mama, mi siko nasali tena. Nichore uongo, kiisha nifundishe batoto kusema kweli?"

"Weye na kichwa yako! Kweli inalipaka loyer ya nyumba?"

Noëlla alicheka, akatangulia.

Kanisani hakuna aliyeuliza taa zilikwenda wapi. Waliuliza tu ni binti gani asiye na adabu, anayetoka nyumbani namna hiyo.

Jumatano kamati ya akina mama ilikaa. Mama Mushiya, mwenyekiti, alisema mwalimu asiye na taa hawezi kusimama mbele ya watoto wa kanisa. Anayekubali anyooshe mkono.

Mikono tisa ilipanda. Mama Kabedi aliitazama mmoja baada ya mwingine. Kila kidole gumba kilikuwa na wino wa buluu. Wa Mama Mushiya ulikuwa umefika hadi kwenye kiwiko.

"Mama Kabedi, ni weye tu tunangojea," Mama Mushiya alisema kwa upole.

Mama Kabedi alitazama sakafu. Kisha mkono wake ukapanda, na hakuna aliyekitazama kidole chake, kama yeye naye alivyojifanya hakuviona vya wenzake. Wakaimba wimbo wa kufunga.

Ijumaa Noëlla alirudi na vitu vyake vya darasani ndani ya katoni. Alimkuta mama yake akisugua kidole kwa limau na chumvi.

"Inaonekana?" mama aliuliza.

"Inaonekana."

Noëlla alisonga bukari, wakala.

Jumapili asubuhi taa zilikuwa zimepauka, na Mama Kabedi akakaa kuzichora upya. Alipomaliza ya thelathini, kalamu iliisha. Aliitikisa, akaipuliza ncha, akaitikisa tena.

Noëlla aliinama kwenye katoni, akatoa kalamu ya buluu aliyokuwa akiandikia majina ya watoto kwenye madaftari, akampa mama yake kwa mikono miwili.

"Chukua, mama. Mi siko na kazi nayo tena."

Mama Kabedi aliipokea bila kuinua macho. Zilikuwa zimebaki taa kumi na sita.