Lakiri ya Mzee Kirunda

Mzee Kirunda aliulizwa swali moja tu kwenye kizuizi cha daraja la Manafwa, na jibu alilolitoa mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Askari aliinyooshea kidole bahasha kubwa aliyokuwa ameipakata, akamwuliza ndani iko na nini. Mzee akakaa wima kwenye kiti cha pikapu kama yuko mbele ya darasa.

"Sijui, afande. Hairuhusiwi mimi kujua."

Mwaka ulikuwa themanini na nane. Upande wa Teso walikuwa bado wanapigana, na huku kwetu Mbale tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kulala bila kusikiliza mlango. Mtoto wa chekechea alijua namna ya kujibu kizuizini. Sema una sabuni, sema una samaki, sema una sanda ya shangazi yako, lakini sema kitu. Mtu anayebeba mzigo asioujua, kwa askari huyo amebeba bomu.

Na ndani ya bahasha ile mlikuwa na maisha yangu. Mimi naitwa Nulu, mwalimu wa shule ya msingi kule Nabuyonga, binti wa muuza vitambaa. Nilianza chuo kikuu mwaka wa sabini na tisa, vita vikaja, nikarudi nyumbani na godoro kichwani. Nikaanza tena kwa posta, na chuo kimoja cha ng'ambo kilichokubali kuzihesabu yuniti nilizokwisha kupata. Themanini na tano serikali ikapinduliwa, masomo yangu yakapotelea njiani, na kozi mbili nikazirudia tangu somo la kwanza. Kila nikishika kalamu, askari anatokea. Sasa ilikuwa imebaki kozi moja tu, Uchumi, na chuo kilikuwa kimeonya kwamba nisipoimaliza mwaka huo yuniti zote za zamani zitafutwa, nianze upya. Nianze upya, mimi niliyekwisha kuzaa watoto wote niliopanga kuzaa!

Sheria za mtihani wenyewe zilitungwa na watu ambao hawajawahi kulala chini ya kitanda. Karatasi zinakuja kwa msimamizi zikiwa zimefungwa kwa lakiri nyekundu ya nta. Hazifunguliwi ila mbele ya mtahiniwa, na zikishafunguliwa, saa tatu zinaanza kuhesabiwa papo hapo. Siku ni ile ile kwa watahiniwa wa dunia nzima. Msimamizi wangu alikuwa huyo Mzee Kirunda, mwalimu mstaafu wa Mafubira, Jinja, mtu mwaminifu kiasi cha kukera.

Nilifika Jinja jana yake, nikakuta ukumbi wa mtihani umejaa familia zilizokimbia vita. Wanapika ndani, wananing'iniza nepi kwenye ubao wa kuandikia. Nilimsihi mzee nifanyie mtihani sebuleni kwake. Akakataa. Chuo kilikuwa kimekubali majengo mawili tu, ukumbi ule na shule yangu mwenyewe kule Nabuyonga, na sebule yake si mojawapo. Basi alfajiri tukapanda pikapu ya dereva Waiswa iliyokuwa inapeleka samaki wa kukaushwa kutoka Masese, tukashika njia ya Mbale, mzee dirishani na bahasha yake, mimi katikati, na harufu ya samaki kila mahali.

Nilimwambia askari, kwa Kiswahili changu cha dukani, kwamba ni karatasi za shule. Wenzake walikuwa wakimwita Ojok. Alikuwa mrefu, macho mekundu ya mtu asiyelala, na hakuonekana kutaka ubaya, jambo lililoniudhi zaidi.

"Huyu nasema hajui," akasema. "Wewe nasema unajua. Nani naongopa?"

Akaichukua bahasha, akaichana kwa kisu cha bunduki. Lakiri ikavunjika, vipande vikaanguka kwenye vumbi. Mzee Kirunda akatazama saa yake ya mkononi.

"Mwalimu Nulu, saa zako zimeanza."

Nikamwuliza jengo liko wapi. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba bahasha imefunguliwa mbele ya mtahiniwa na msimamizi, kwa hiyo kwa upande huo hakuna kosa, na kwamba sheria ya muda inatangulia sheria ya jengo. Mtu aliyeninyima sebule yenye viti na vitambaa vya kufuma! Nilitamani nimsukumie mtoni na miwani yake.

Bado Ojok hajamaliza. Alitaka kuhakikisha kwamba hayo si maandishi ya waasi, akasoma swali la kwanza kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha akawatafsiria wenzake: kwa nini bei ya vitu napanda baada ya vita? Nyuma yetu palikuwa na foleni ya malori na wachuuzi waliochoka kusubiri, na wote walikuwa na jibu. Mama mmoja wa ndizi akasema ni walanguzi. Mwingine akasema ni serikali, halafu akameza mate. Mzee wa kanzu akasema watu wameacha kutoa zaka. Waiswa, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, akasema ni vizuizi vya barabarani, na Ojok akamtazama mpaka akainamia usukani.

Mzee Kirunda alikuwa ameshika kichwa. Mtahiniwa amesikia majibu, akasema, kwa hiyo swali la kwanza haliwezi kujibiwa. Nichague katika yaliyobaki. Lilikuwa ndilo swali nililolisomea mwaka mzima.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nilishuka kwenye pikapu, nikamwendea Ojok mpaka nikaona vifungo vya shati lake, na hofu yote ambayo nimelelewa nayo juu ya watu wenye bunduki ikawa haipo.

"Afande, wa kwanza alinifukuza chuoni. Wa pili alinipotezea vitabu. Wewe ndiye wa tatu. Mnataka nisome lini?"

Waiswa aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameanza kunisomea dua. Ojok aliangalia zile karatasi, akaniangalia mimi, akazikunja vizuri alipokuwa amezikunjua vibaya.

"Mama," akasema, "keti."

Akaburuta masanduku mawili ya risasi chini ya kibanda chao cha mabati, moja la kukalia, moja la kuandikia. Akatangaza kwamba mwenye anajua jibu aende mbali, na asiyejua pia. Kisha akaamuru injini zote zizimwe. Magari yaliyokaguliwa yalipitishwa kwa kusukumwa, yamezimwa, madereva wakishika usukani kwa dirishani na abiria wakisukuma nyuma hadi ng'ambo ya daraja. Lori la mahindi lilisukumwa na askari wenyewe. Niliandika, nikasikia tu matairi yakisaga changarawe na watu wakihema. Na Mzee Kirunda alikuwa amesimama kando yangu, akikohoa. Katika watu wote wa kizuizi kile, aliyepiga kelele ni msimamizi.

Nilipomaliza, mzee aliweka majibu kwenye bahasha mpya na kuifunga kwa nta ya mshumaa mwekundu wa akina Ojok. Ojok alitazama kazi hiyo kwa makini. Akauliza kama shule hii ya posta inachukua mtu aliyeachia Senior Two, kidato cha pili, kwa sababu ya vita. Mzee, ambaye kudanganya hawezi hata kwa kumfariji mtu, akasema haichukui. Lakini yako masomo ya matayarisho, mtu anaweza kuanza nayo. Mimi, kwa hasira zangu, nikasema nikifaulu nitamletea. Nilisema ili tuondoke.

Nilifaulu kwa chupuchupu. Kwa swali la kwanza ningepata alama ya kujivunia, na nilimwambia Mzee Kirunda hivyo, na akasema anajua.

Masomo ya matayarisho niliyaomba, yakaja. Niliyafunga mwenyewe kwa nta, nikaandika jina la Ojok juu, nikapanda gari mpaka darajani. Kibanda kilikuwepo, masanduku yalikuwepo. Askari alikuwa mwingine.

"Iko na nini?"

"Masomo ya Afande Ojok. Usifungue."

Akasema Ojok alipelekwa Teso. Nikauliza atarudi lini, akatazama barabara. Niliudhika, sijui na nani. Na yeye, na Ojok aliyekubali kupelekwa kana kwamba angeweza kukataa, na vita visivyojua kwamba mtu ana masomo. Yule askari aliipokea bahasha, akaigeuza, akaona nta. Hakuifungua. Aliiweka juu ya sanduku nililofanyia mtihani, akaigandamiza kwa jiwe isije ikapeperushwa.

"Akirudi atakuta," akasema.

Nilipata cheti changu, nikapandishwa kuwa mwalimu mkuu, na shughuli za ofisi zikawa zinanipeleka Jinja mara kwa mara. Kila nilipopita darajani nilimwomba dereva apunguze mwendo. Mvua zilikuja, mtu akaifunika bahasha kwa nailoni. Jina lilififia. Mimi niliyewahi kupandwa na hasira kwa ajili ya lakiri iliyovunjwa, nilikuwa nachungulia dirishani nikiomba nikute hii imevunjwa. Mpaka siku walipokiondoa kizuizi, ilikuwa bado nzima.